Njia kwanza, gari baadaye: nilivyopata Toyota IST ya kumpeleka mama kliniki

Mama yangu anaishi Uru, juu ya Moshi. Tangu madaktari wa KCMC walipomweka kwenye kliniki ya moyo, kila tarehe yake ilikuwa inatuchosha wote: bodaboda ya kumteremsha hadi barabara kubwa, mimi kutoka Arusha alfajiri na Coaster, kisha bajaji hadi hospitali. Masika yaliyopita alifika kliniki kanga imelowa na presha imepanda. Usiku ule mimi na mume wangu tukakubaliana kwamba fedha tulizokusanya SACCOS kwa ajili ya uzio wa nyumba zinunue gari.

Zilikuwa Sh milioni 11. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mume wangu ni fundi bomba, tunaishi Moshono, na hakuna kati yetu aliyewahi kumiliki gari. Naandika kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa mimi: ana fedha ambazo zikipotea hazirudi, na kila anayemuuliza anamtajia jina la gari.

Majina niliyatajiwa mengi. Mwalimu wa hesabu akasema Toyota Vitz, haina njaa ya mafuta. Shemeji akasema IST, hutajuta. Jirani akasema Passo, mwingine Raum kwa sababu ya nafasi, mwingine Honda Fit, mwingine Demio. Nikaona kila mtu anataja gari analoendesha yeye au analotamani, na ushauri unapingana. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nalala na simu mkononi, napitia matangazo, naamka nimechanganyikiwa kuliko nilivyolala.

Aliyenitoa hapo ni fundi mmoja mzee wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, ambaye mwenzangu shuleni amemzoea kwa miaka. Nilimwamkia, nikamwambia nataka gari dogo lisilosumbua. Hakutaja jina lolote. Aliuliza, "Mwalimu, utapita wapi nalo, na nani ndani?"

Nikamweleza. Kila siku ya kazi natoka Moshono kwenda shuleni, na kipande cha barabara ya kwetu ni vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Kila mwezi nakwenda Moshi, kilomita kama 80 za lami, pamoja na ule mteremko wa Kikafu ukishapita Boma Ng'ombe. Kisha napanda Uru, na kushuka tena na mama, dada anayemhudumia na mtoto wangu mdogo. Kurudi Arusha siruhusiwi kuondoka mikono mitupu, kwa hiyo buti lina mkungu wa ndizi na parachichi.

Akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa yeyote kati ya wale washauri wangu. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo gari ambalo rafiki yako wa Dar analisifia kwamba "linapanda popote" halina nguvu ileile likifika huku. Injini kubwa hupoteza pia, ila inabakiwa na akiba. Injini ya cc 1,000 haina akiba hiyo.

Vitz ya cc 1,000 ya kuanzia mwaka 2005 na Passo ya cc 1,000 zinatumia injini ileile, 1KR-FE, yenye silinda tatu. Ni injini nzuri na kweli haili mafuta mengi. Ukiiwasha ikiwa imesimama inatetemeka kidogo. Ndivyo ilivyo, usikubali mtu akuambie ni mbovu akuuzie "maunti" mpya, zile raba zinazoshikilia injini. Lakini watu wanne na mzigo, mlima wa Uru, tope: utakanyaga mafuta mpaka mwisho muda wote, na ile nafuu uliyoifuata inaishia hapo. Fundi akasema kwa njia yangu nisishuke chini ya cc 1,300.

Ndipo nikaelewa kwa nini IST zimejaa Arusha. Ile ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, imejengwa juu ya chasisi ya Vitz ila imesimama juu kidogo, jambo ambalo barabara zetu za mitaani zinalidai. Injini zake ni mbili: 2NZ-FE ya cc 1,298 na 1NZ-FE ya cc 1,496. Injini hizo hizo ziko kwenye Probox, na ile kubwa iko pia kwenye Raum na Fielder. Maana yake ni kwamba plagi, koili, pampu ya maji, bushi, vyote unavipata maduka ya spea mjini bila kuagiza Dar, na kila fundi amewahi kuifungua. Taimingi yake ni ya cheni, si mkanda wa kubadilisha kila baada ya muda kama Starlet na Carina za zamani.

Jifunze kusoma namba ya chasisi, itakuokoa na maneno ya madalali. NCP60 ni IST ya lita 1.3, yaani ile ya cc 1,298. NCP61 ni ya 1.5. NCP65 ni ya 1.5 ambayo magurudumu yote manne yanavuta. Niliambiwa kuhusu gari moja kwamba ni "moja nukta tano, foo wili", kadi ya usajili ikasoma NCP60. Matangazo huandika cc 1290 au 1490. Linganisha na kadi, kisha linganisha kadi na kibati kilichoko ndani ya boneti.

Jambo la pili ni gia boksi. IST ya kizazi hicho ina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Vitz ya 1.3 ya kizazi cha pili, Honda Fit za mwanzo na nyingine nyingi zina CVT, ambayo haina hatua za gia: ukikanyaga husikii ikibadilisha. CVT si mbaya kwa asili yake. Ubaya ni kwamba inataka oili yake maalumu, na huku kwetu mtu akisikia "haidroliki ya gia boksi" anamimina yoyote aliyonayo dukani. Gari la mkononi limepita kwa wamiliki watatu, wewe utajuaje nani alimimina nini? Kwa sababu hiyo tu nikaziweka kando. Honda Fit ya 1.3 ya kizazi cha kwanza ina jambo jingine: kila silinda ina plagi mbili, kwa hiyo siku ya kubadilisha plagi unanunua nane. Siyo sababu ya kulichukia gari, ni gharama ya kuijua mapema.

Tulifikiria pia kuagiza Japani. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, na ninakushauri nawe uipige kabla hujavutwa na bei ndogo ya mtandaoni. Kodi hutozwa juu ya thamani ya gari pamoja na usafiri na bima hadi bandarini, na thamani hiyo TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo chao wenyewe. Bei uliyoandikiwa kwenye ankara haikulindi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya kuanzia cc 1,001 hadi 2,000. Gari likizidi miaka 10 tangu litengenezwe linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu, na la miaka 8 hadi 10 asilimia 15. Mwisho VAT asilimia 18 juu ya vyote. Ukiziunganisha, gari la zaidi ya miaka 10 lenye thamani ya shilingi 100 linadaiwa kodi ya karibu shilingi 99. Lililo chini ya miaka 8 linadaiwa kama 55, ila lenyewe ni ghali tangu mwanzo. Hapo bado tozo ndogo, wakala wa bandarini, usajili, na kulileta Arusha. IST zote za kizazi cha kwanza zimeshavuka miaka 10. Kwa milioni 11 hesabu haikukaa, tukabaki na gari la mkononi.

Soko la mkononi lina lugha yake. "Full document, full AC, tairi mpya, bei maelewano." "Gari ya mama mtumishi, haijawahi kutoka nje ya mkoa." "Njoo na hela, kuna mteja anakuja saa nane." Huyo mteja wa saa nane nilimsikia kila mahali. Dalali naye anatafuta riziki na wapo waungwana, lakini tuliwekeana sharti nyumbani ambalo naliheshimu mpaka leo: hatutoi hata shilingi ya "kushikilia gari" kabla fundi wetu hajaliona na kabla hatujaishika kadi halisi mkononi. Fundi wetu, tunayemlipa sisi. Fundi anayeletwa na muuzaji ana ahadi yake na muuzaji. Yule mzee tulikubaliana Sh 40,000 kwa kila gari, nauli juu yangu, na hakuna fedha katika safari hii nzima iliyofanya kazi kubwa kama hiyo.

IST ya kwanza tuliyoikagua ilikuwa Sakina, hapa Arusha, ya rangi ya fedha, inang'aa, inaulizwa Sh milioni 9.8. Nitasema ukweli, moyo wangu ulishaikubali nikiwa ng'ambo ya barabara. Nilishamwona mama amekaa kiti cha mbele.

Fundi aliweka kiganja juu ya boneti kwanza. Ya moto. "Mmeiwasha saa ngapi?" Kijana aliyetuonyesha gari akasema ametoka nayo kuoshwa. Injini ikishapata moto inaficha mengi: kelele ya cheni unapowasha asubuhi, moshi wa mwanzo, betri iliyochoka, gia inayosita kuingia. Akaendelea hivyo hivyo. Alitoa sumaku ndogo aliyoivisha kitambaa akaipitisha kwenye bodi. Kwenye milango ilishika, kwenye fenda ya kulia haikushika, chini ya rangi kulikuwa na puti nene. Akanionyesha boliti zinazoshika boneti na fenda: rangi imebanduka kwenye kona, yaani zimewahi kufunguliwa. Taa moja ya mbele ilikuwa ya njano ya uzee, ya pili angavu. Mwanya kati ya boneti na fenda upande mmoja ulikuwa mpana kuliko wa pili.

Kisha akaingia ndani, akazungusha ufunguo bila kuwasha injini. Hapa nilijifunza jambo ambalo namwambia kila mtu. Ukifungua swichi, taa zote za onyo kwenye dashibodi lazima ziwake, ile ya injini, ya oili, ya breki, ya erbegi. Ukiwasha injini zinapaswa kuzimika baada ya muda mfupi. Kwenye gari lile taa ya erbegi haikuwaka kabisa. Mtu aliona taa haizimiki baada ya ajali, akaing'oa balbu. Fundi akavuta mkanda wa dereva, ukagoma.

"Hili limegongwa mbele, tena si kidogo," aliniambia pembeni. "Linatembea, ila si la kumpakia mama."

Dalali alikasirika. "Dada, utakosa gari kwa kumsikiliza fundi wa mtaani." Nilirudi nyumbani na kifodi, daladala ya Sakina, nikiwa na huzuni ambayo sikuitegemea.

Tairi zake, zile "mpya", nazo niliziangalia baada ya kuelekezwa. Ubavuni mwa kila tairi kuna namba nne ndani ya duara refu: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Zilikuwa na meno mengi kwa sababu zilikaa stoo, na mpira wake umeanza kupasuka nyufa ndogo.

Gari lililoniumiza zaidi ni Vitz ya Kiboriloni, Moshi. Kwa upande wa ufundi lilikuwa zuri, hata fundi alilipenda licha ya CVT tuliyokuwa tunaikwepa, kwa sababu mwenye gari alikuwa na risiti za oili sahihi. Mama wa makamo, mfanyabiashara wa nguo, mkarimu, alitukaribisha chai. Nilipoomba kadi akaleta nakala. "Halisi iko kwa wakili." Nikasema basi twende kwa wakili. Akanyamaza, kisha akasema ukweli: kadi iko kwa mkopeshaji, mmoja wa hawa ambao watu huwaita kausha damu. Alichukua mkopo mtoto alipougua, riba ikawa inakua kuliko marejesho, sasa anataka auze gari alipe deni, abaki na kidogo.

Nilimwamini na bado namwamini. Nilitaka kumsaidia. Nilimpigia simu wakili tunayefahamiana naye kanisani, akanieleza kwamba biashara ya namna hiyo hufanyika kwa njia moja tu: wote watatu mnaketi ofisini kwa mkopeshaji, deni linaandikwa kwa maandishi hadi siku ile, unalilipa moja kwa moja kwake, kadi na barua ya kuliachia gari vinawekwa mezani palepale, na kinachobaki ndicho unamkabidhi muuzaji. Usimpe muuzaji fedha zote kwa ahadi kwamba atakwenda kuikomboa kadi, hata awe mwema kiasi gani. Mkopeshaji hakukubali kuandika deni. Kila tulipopiga simu kiwango kilibadilika. Tukaondoka, na yule mama alitusindikiza hadi barabarani. Sitaki mtu asome hapa aone kwamba kila anayeuza gari lenye shida ni tapeli. Lakini ningetoa fedha siku ile, leo gari lingechukuliwa mlangoni kwangu kwa deni ambalo si langu.

Tangu hapo nikageuza mpangilio. Karatasi kwanza, boneti baadaye. Kadi halisi. Jina lililo kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayeuza. Mara nyingi utakuta kadi bado ina jina la mtu aliyeuza gari wamiliki wawili nyuma, na huyo ndiye anayepaswa kusaini, sasa umtafute Mwanza. Namba ya gari ingiza kwenye mfumo wa polisi wa TMS uone faini. Kila kosa ni Sh 30,000, na faini zinafuata namba ya gari, si dereva, ukinunua umezirithi. Angalia pia madeni ya maegesho ya TARURA. Bima hakiki kwenye mfumo wa TIRA, maana stika inaweza kuwa kioo cha mbele na bima haipo. Haya yote unayafanya kwa simu ukiwa umekaa kwenye Coaster, kabla hujatumia nauli ya fundi.

IST tuliyoinunua tuliipata Moshi, kwa mstaafu wa serikali anayekaa Soweto. Haikuwa na mvuto. Rangi ya paa imepauka kwa jua, kiti cha dereva kimechanika, namba ya usajili ni ya herufi C, yaani ya zamani, na tangazo lake lilikuwa na picha moja iliyopigwa usiku. Nilimpigia simu nikamwomba asiiwashe asubuhi kabla hatujafika. Akajibu, "Sina haraka ya kuiwasha, binti yangu, njooni."

Alitupa daftari. Daftari la shule la kurasa 96, kila mstari una tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na bei. Oili ya injini, oili ya gia boksi ya aina ya T-IV inayotakiwa na Toyota hii, breki za mbele, betri. Kilomita kwenye dashibodi zilikuwa zimepita 190,000, na niliposhtuka fundi akaniambia afadhali kilomita nyingi zilizoandikwa kuliko 80,000 za kurudishwa nyuma. Kweli, gari la mwaka 2004 lenye kilomita 80,000, linalouzwa na mtu wa tatu, usukani umelainika na pedali ya breki imelika upande: vitu hivyo vinasema uongo wa dashibodi kwa sauti.

Injini ilikuwa ya baridi. Iliwaka mara moja. Hakuna moshi wa bluu, ambao ungesema inaunguza oili, wala mweupe usiokwisha, ambao ungesema maji yanaingia kusikotakiwa. Mfuniko wa oili ulikuwa safi chini yake, bila ute mweupe. Fundi akaiacha ingurume mpaka feni ya rejeta ikajiwasha na kujizima, huku tunaongea mambo mengine. Magari mengi mabovu hujitaja katika dakika hizo.

Kisha tukaomba kitu ambacho wauzaji wengi hukataa: tulipande njia yetu. Mzee akakubali, akakaa nyuma. Tukapanda kuelekea Uru watu wanne. Gia zilibadilika bila kushtua. Katika kushuka fundi akamwambia mume wangu aweke gia kwenye 2, baadaye L, ile ya chini kabisa, aache injini ishike gari badala ya kukanyaga breki njia nzima hadi zinuke. Shokapu za mbele zilikuwa zimekwisha, na kulikuwa na "ko, ko, ko" kwenye mashimo, ambayo fundi alisema ni stabilaiza linki. AC ilikuwa inapuliza upepo tu. Vyote hivyo tuliviandika na kuvitia bei, na bei hiyo ndiyo tuliyoitumia kupatana. Alikuwa anataka milioni 9.5. Tukamwonyesha karatasi, bila kulidharau gari lake. Tukamalizana kwa milioni 8.7.

Mzee ndiye aliyesisitiza tuhamishe umiliki wiki ileile. "Ukikimbiza gari likapigwa faini, jina ni langu." Wako wauzaji na wanunuzi wanaosema "tutahamisha baadaye" ili kukwepa gharama, na baadaye hiyo mtu amehama au amefariki, familia inagombana. Tulisaini mkataba wa mauziano kwa wakili, Sh 50,000. TRA tulilipa ada ya uhamisho Sh 50,000, kadi mpya Sh 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1, kwetu Sh 87,000. Muuzaji na mnunuzi wote mnahitaji TIN, kwa hiyo hakikisheni mapema. Bima ndogo, ile ya kufidia watu wengine tu, Sh 118,000. Fedha zote za gari tulilipa benki kwa benki, ili kuwe na ushahidi.

Kisha likaingia gereji kabla halijaanza kazi. Shokapu mbili za mbele, linki, tairi mbili, plagi, oili na filta zote, kuosha rejeta na kuweka kulanti badala ya maji ya bomba yanayoleta kutu. Ilifika karibu Sh 1,420,000. AC tuliiacha, Moshi mwezi wa Januari na Februari tunafungua vioo. Katika ile milioni 11, ukitoa nauli na fundi, zilibaki laki tatu na kitu, na hizo hatukuzigusa. Kama ningenunua lile la Sakina la milioni 9.8, kilichobaki kisingetosha gereji na karatasi, ningekuwa na gari linalong'aa limesimama uani. Nikiulizwa bajeti, nasema toa kama sehemu moja ya tano ya fedha zako, ifiche, kisha nenda ukatafute gari kwa kilichobaki.

Kuhusu mafuta, usiulize mtu, pima mwenyewe. Jaza tenki hadi pampu ijikate, andika kilomita, tembea siku kadhaa, rudi kituo kilekile ujaze tena; gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Barabara ya Arusha na Moshi, nisipokimbia, napata kilomita 14 kwa lita. Mjini, foleni ya Sanawari na mizunguko ya soko la Kilombero, ni 10 au 11. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei ya Arusha na ya Moshi si moja, kwa hiyo huangalia kabla ya safari nijue nijazie wapi. Filta ya hewa naikung'uta kila mara kiangazi. Vumbi letu laini linaiziba haraka, na injini iliyozibwa pumzi inakula zaidi.

Mama sasa anateremka kliniki akiwa mkavu. Kiti cha mbele tumekisogeza nyuma, na anakataa kuwekewa muziki kwa sababu anataka kusikia kama gari "linapumua vizuri".

Mwalimu mwenzangu naye ameanza kutafuta. Yeye anakaa Njiro, kazi yake iko katikati ya mji, lami tupu, na mara nyingi yuko peke yake. Alitaka IST kwa sababu ameona yangu. Tumekaa tukaiandika njia yake, na kwa njia hiyo Passo ya cc 1,000 inamtosha, na atabaki na fedha zaidi. Nimemshauri pia asinunue Desemba, wakati kila mtu anataka gari la kwenda nalo nyumbani Krismasi na wauzaji hawashuki bei. Januari ada za shule zinawabana watu, simu zinaanza kupigwa na wauzaji wenyewe. Amepata moja Boma Ng'ombe, kadi ina jina la muuzaji, TMS haidai kitu. Jumamosi tunakwenda na mzee wetu wa Unga Limited, na muuzaji tumeshamwomba asiiwashe mpaka tufike.